Kwa nini mtoto hudeka na kugoma kucheza na wenzake mzazi akiwapo

Dada, umeeleza kwamba mwanao wa miaka 3 na nusu hucheza na kuimba vizuri na wenzake siku unazomwacha kwa mwalimu, lakini siku unayobaki hung'ang'ania sketi yako na kukataa hata kuingia kwenye duara, na umeuliza kama suluhisho ni wewe kuacha kwenda. Nakujibu kama mtu aliyekaa pande zote mbili, kwa kuwa nimeongoza kundi la michezo na nyimbo la watoto wa miaka 2 hadi 5 kwa miaka 6, na binti yangu mwenyewe alinitoa jasho katika kundi hilohilo.

Nianze na hofu yako kwamba huenda umeshindwa kumlea, au kwamba anampenda mwalimu kuliko wewe. Sivyo. Jambo hili lina jina lake, kudeka, ingawa tumezoea kulitamka kama lawama. Mtoto hadeki kwa mtu asiyemtegemea. Kwa mwalimu anajua kwamba machozi yatafutwa upesi na mchezo utaendelea. Kwako anajua kwamba yatasikilizwa mpaka mwisho, na hivyo akikuona anayatoa yote aliyokuwa ameyabana, yaani uchovu, woga wa kelele na uchungu wa kunyang'anywa mpira. Nimewaona watoto wengi waliocheza kwa furaha saa nzima wakaangua kilio pale tu mama alipotokea mlangoni kuwachukua, naye maskini akadhani walikuwa wakiteswa.

Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyewachunguza akina mama na watoto wao wachanga vijijini nchini Uganda katikati ya miaka ya 1950, aliona jinsi mtoto anavyomfanya mama kuwa kituo chake: hutambaa kwenda kuchunguza kitu, hugeuka kumtazama, hurudi kumgusa, kisha huondoka tena. Mwanao bado yumo katika safari hizo za kwenda na kurudi. Kwa uzoefu wangu, wanaopata shida zaidi si wale ambao wazazi wao hubaki, wala si wale ambao wazazi wao huondoka, bali ni wale ambao wazazi wao wapo nusu. Mzazi wa namna hiyo huketi kwenye benchi, akamkonyeza mtoto aende, akamnong'oneza «mbona wenzako wanacheza?», akainuka kumpangusa pua, kisha akatishia kuondoka. Kiongozi anasema turuke, mama anasema funga kwanza kiatu. Mtoto wa umri huo hawezi kufuata amri za watu wawili kwa wakati mmoja, na mara nyingi huamua kutofuata yoyote.

Kisha kuna uso wako. Katika jaribio moja lililochapishwa mwaka 1985, watoto wa miezi 12 waliwekwa juu ya meza ya kioo ambayo upande mmoja ulionekana kama una shimo chini yake, huku mama akisubiri ng'ambo. Mama alipoonyesha uso wa furaha, watoto 14 kati ya 19 walivuka. Alipoonyesha uso wa hofu, kati ya watoto 17 hakuvuka hata mmoja. Mtoto wa miaka 3 na nusu husoma uso vizuri zaidi ya hapo, na ukikaa umemkazia macho kwa wasiwasi, yeye huona kwamba hapo pana jambo la kuogopwa.

Mimi nililijua hilo kwa nadharia tu. Binti yangu alikuwa na miaka 3, na kila tulipoanza wimbo wa kuruka kama chura alikuja kukamata suruali yangu gotini, nikawa naongoza watoto wengine kwa mguu mmoja huku nikimkaripia kwa sauti ya chini na tabasamu la kuwaridhisha wazazi waliokuwa wakitazama. Mwenzangu aliyekuwa akiongoza nami aliniambia, «Unamtazama yeye tu.» Akashika uongozi, akanipa pampu ya mkono na gunia la mipira iliyoisha upepo. Wiki ya kwanza binti alikaa katikati ya magoti yangu akibonyeza mipira kuona kama imejaa. Wiki iliyofuata alibeba mmoja akaupeleka kwenye duara, akamkabidhi mtoto wa karibu, akarudi mbio kuchukua mwingine. Alipopeleka mpira wa nne hakurudi. Alikuwa anaruka kama chura, amenipa mgongo. Nilitaka kupiga makofi, lakini nikajizuia, nikaendelea kuupampu mpira uliokwisha kujaa.

Kwa hiyo chagua moja. Ukibaki, kaa chini, mahali palepale kila mara, na usimwite wala kumsukuma. Akija, mpokee bila hotuba na umwache arudi kwa wakati wake. Ukiondoka, muage, mwambie utarudi baada ya kitu anachokijua, kwa mfano wimbo wa mwisho, kisha uende kweli. Usitoroke, kwani mtoto aliyetorokwa mara moja atakulinda wiki zote zinazofuata. Akikaa pembeni kuwatazama wenzake, usihesabu siku hiyo kuwa imepotea: Mildred Parten, aliyechunguza michezo ya watoto wadogo na kuchapisha kazi yake mwaka 1932, aliuhesabu utazamaji kuwa mojawapo ya namna za mtoto kuwa pamoja na wenzake, nami nimesikia wazazi wengi wakisema kwamba mtoto aliyenyamaza katika duara huimba nyimbo zote akiwa anaogeshwa. Ingekuwa anajitenga hivyo hata usipokuwapo, au haitikii jina lake, ningekushauri umwone daktari wa watoto, lakini uliyoyaeleza si hayo.

Wiki ijayo mwombe mwalimu akupe kazi ya mikono, kama vile kukunja mikeka au kupanga vikombe. Simu haihesabiki, maana mtoto atakuja kushindana nayo.