Kabla hujamtafutia mwanao timu ya chuo Marekani, usome msimu wa Thabeet

Wazazi wanaoleta vijana warefu kwenye mazoezi yetu hapa Dar es Salaam huwa na swali moja: kocha, huyu anaweza kufika Marekani? Siku hizi siwajibu ndiyo wala hapana. Nawapa kazi ya kufanya pamoja na kijana wao. Waende wakaufuatilie msimu wa 2008-09 wa timu ya wanaume ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Connecticut, maarufu kama UConn. Waufuatilie wote, tangu Novemba hadi Aprili, ushindi na vipigo. Senta wa timu hiyo, yaani yule mrefu anayecheza karibu na kikapu, alikuwa Hasheem Thabeet, mtoto wa hapa hapa Dar, aliyesoma Makongo.

Nausisitiza msimu huo kwa sababu kuna jambo linaniuma. Thabeet akitajwa vijiweni, hadithi huanzia NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani: kwamba timu zilipochagua wachezaji wapya mwaka 2009 alichaguliwa wa pili, na Memphis Grizzlies, nyuma ya Blake Griffin na mbele ya James Harden na Stephen Curry, halafu mambo hayakwenda kama watu walivyotarajia. Kijana wa miaka kumi na sita anayeisikia hadithi hiyo anabaki na picha ya mtu aliyeshindwa. Hakuna anayemweleza ni kazi gani iliyomfikisha kijana wa Kitanzania kwenye nafasi ile ya pili. Kazi hiyo ilifanyika chuoni kwa miaka mitatu, na rekodi zake zipo.

Zitazame namba za timu kwanza. Mwaka wake wa kwanza, 2006-07, UConn walishinda mechi 17 na kupoteza 14, na hawakuitwa kwenye mashindano yoyote ya mwisho wa msimu. Kwa chuo kilichokwisha kutwaa ubingwa wa taifa mwaka 1999 na 2004, ile ilikuwa aibu. Mwaka wa pili walishinda 24 na kupoteza 9, wakatolewa raundi ya kwanza ya NCAA, mashindano ya vyuo ya kumpata bingwa wa taifa, na San Diego kwa tofauti ya pointi moja, 70-69, baada ya muda wa nyongeza. Siku hiyo hiyo mchezesha timu wao, A.J. Price, aliumia goti vibaya. Mwaka wa tatu, 2008-09, walishinda 31 na kupoteza 5, na wakafika nusu fainali ya taifa.

Sasa mtazame kijana mwenyewe ndani ya miaka hiyo. Alianza na wastani wa pointi 6.2 na ribaundi 6.4 kwa mechi, ribaundi ikiwa ni kuudaka mpira baada ya mtupo kukosa. Mwaka wa pili pointi zikafika 10.5 na ribaundi 7.9. Mwaka wa tatu ni pointi 13.6 na ribaundi 10.8. Lakini mitupo aliyoizuia ilikuwa 3.8 kwa mechi tangu mwaka wa kwanza, ikawa 4.5, kisha 4.2. Hapo ndipo ninapowasimamisha wazazi. Alipofika, kazi moja alikuwa anaiweza tayari: kulinda kikapu. Kocha Jim Calhoun alimpa kazi hiyo na dakika za kuifanya, na mengine yakaongezeka juu yake mwaka hadi mwaka. Aliibuka mlinzi bora wa Big East, ligi ya vyuo waliyochezea UConn, mara mbili mfululizo, 2008 na 2009.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa kijana ni huu: jiulize ni kazi gani moja unayoweza kuifanya kwenye timu ya watu wazima kuanzia kesho. Usiniambie unaweza kila kitu. Nina vijana wenye urefu wa mita mbili wanaotaka kupiga mitupo ya mbali ya pointi tatu kutwa nzima kwa sababu ndizo wanazoziona kwenye simu. Sipingi kupiga mbali, mchezo umebadilika na senta wa leo anatakiwa ajue. Ila makocha wa vyuo wana mamia ya vijana wanaopiga mbali karibu na nyumbani kwao. Atakayevuka bahari kumfuata kijana wa Dar atataka kitu ambacho hakipati hapo jirani.

Na kulinda kikapu kuna ufundi wake. Mazoezini tunafanya hivi: mshambuliaji anaingia kutoka pembeni, mlinzi anasubiri mguu mmoja nje ya eneo la rangi, ule mstatili ulio mbele ya kikapu, haruki mpaka mpira uondoke mkononi mwa mwenzake. Asiyejua huruka mtu anapotikisa mabega tu, anapewa faulo na kurudi benchi. Anayejua hunyoosha mkono juu kabisa, hausukumi kwa mbele, na akiugusa mpira anaubakiza ndani ya uwanja ili wenzake wauokote. Ukiupiga ukaruka hadi kwa watazamaji, watu watashangilia, lakini mpira unarudi kwa wapinzani. Tarehe 31 Januari 2009, dhidi ya Providence, Thabeet alizuia mitupo 10, akafunga 15 na kuchukua ribaundi 11. Itafute mechi hiyo.

Halafu mkishaifurahia, mtafute mechi ya Pittsburgh.

Ilikuwa tarehe 16 Februari 2009, mjini Hartford. Thabeet alikuwa anatimiza miaka 22 siku hiyo hiyo. UConn walikuwa namba moja kwa ubora nchini Marekani. Siku tano kabla, gadi wao Jerome Dyson alikuwa ameumia goti na msimu wake ukaishia hapo. Pittsburgh walikuwa na DeJuan Blair, mwenye mita 2.01 hivi, mfupi kwa Thabeet kwa sentimita ishirini nzima. Blair alifunga pointi 22 na kuchukua ribaundi 23. Thabeet alimaliza na pointi 5 na ribaundi 4. Kuna tukio moja walipogombea ribaundi wakashikana mikono, Blair akamzungusha Thabeet juu ya bega na kumwangusha chini mbele ya mashabiki wake. Pittsburgh wakashinda 76-68.

Namwonyesha kila kijana mrefu mechi hii, na namwambia asiangalie mikono. Aangalie nyonga na miguu. Blair anatangulia kufika mahali mpira utakapoangukia, anakaa chini kama mtu anayetaka kuketi kwenye kigoda, anamsukuma mwenzake kwa mgongo na makalio kabla mpira haujafika. Mpira unapodunda kwenye chuma, ugomvi umekwisha. Urefu hausaidii ukiwa umeshasogezwa nyuma ya kikapu. Kwa kijana wa Kiafrika mwembamba aliyezoea kuwa mrefu kuliko wote mtaani, hili ni somo ambalo hatalipata mtaani, kwa sababu hakuna wa kumfundisha kwa vitendo. Ndiyo maana mazoezini kwetu wafupi wenye nguvu huwa tunawapanga wawakabe warefu, na warefu hulalamika.

Thabeet na wenzake walipoteza tena kwa Pittsburgh wiki tatu baadaye, 70-60. Sitaki kukudanganya kwamba alijifunza siku moja na kila kitu kikanyooka. Ila mwisho wa msimu ligi iliwapa tuzo ya mchezaji bora yeye na Blair kwa pamoja. Makocha waliopiga kura waliuona msimu wote, na usiku ule mmoja wa Hartford ulikuwa sehemu yake tu.

Siku chache baadaye ikaja mechi ya Syracuse. Robo fainali ya Big East, Madison Square Garden, New York, usiku wa tarehe 12 Machi. Kwetu ilianza alfajiri ya tarehe 13 na ikaisha saa mbili na dakika 22 asubuhi, watu wameshafika kazini. Sekunde ya mwisho ya muda wa kawaida Eric Devendorf wa Syracuse alifunga, akapanda juu ya meza kushangilia, waamuzi wakarudia video na kulikataa kapu lile kwa sababu mpira ulichelewa kutoka mkononi. Zikachezwa nyongeza sita za dakika tano tano. Syracuse hawakuongoza hata mara moja katika nyongeza tano za mwanzo, wakashinda ya sita, 127-117. Jonny Flynn wa Syracuse alicheza dakika 67 kati ya 70. Price, yule aliyeumia goti mwaka uliotangulia, alifunga pointi 33. Thabeet alitolewa kwa faulo tano, na hakuwa peke yake.

Ninachowaambia vijana kuhusu mechi ile ni pumzi na faulo. Faulo moja ya kijinga uliyoifanya dakika ya sita, ya kumgonga mtu aliyeko mita saba kutoka kikapuni, unailipa dakika ya hamsini, timu inapokuhitaji na wewe umekaa na taulo. Na kwa mzazi: utakapokuwa unachagua timu ya kumpeleka mwanao, angalia benchi. Chuo chenye senta wawili wa mwaka wa nne na mmoja wa mwaka wa tatu, hata kiwe na jina kubwa namna gani, mwanao atakaa. Chuo kidogo ambacho senta wake anahitimu kinaweza kumpa dakika tangu mwaka wa kwanza, kama alivyozipata Thabeet.

Kukaa benchi nako si laana, kukiwa na sababu. Katika timu ile alikuwemo kijana wa mwaka wa kwanza kutoka Bronx, Kemba Walker, ambaye mara nyingi aliingia kutokea benchi. Kwenye robo fainali ya taifa dhidi ya Missouri aliingia akafunga pointi 23, UConn wakashinda 82-75 na kufuzu kwenda Detroit kwenye nusu fainali. Huko wakakutana na Michigan State mbele ya watu zaidi ya elfu sabini na kufungwa 82-73. Kemba akabaki chuoni miaka miwili zaidi, na mwaka 2011 akaiongoza UConn kutwaa ubingwa wa taifa.

Sasa kuna mambo ya karatasi, na hapa naomba wazazi mnisikilize kwa makini kuliko kwenye mpira. Chuo cha daraja la kwanza la NCAA hakimwangalii kijana kwa urefu pekee. Sekondari anatakiwa awe amesoma masomo 16 yanayokubalika, ya lugha, hisabati, sayansi na jamii, na wastani wake wa alama usiwe chini ya 2.3 kwa kipimo chao ambacho juu kabisa ni 4. Masomo yanahesabiwa tangu miaka ya mwanzo ya sekondari, kwa hiyo kijana anayeanza kujali vitabu akiwa kidato cha nne amechelewa, hata awe anazuia mitupo 10. Tunza matokeo yote, kila muhula, pamoja na vyeti. Na kabla hajasaini chochote cha klabu inayolipa, uliza kwanza kama hakitamharibia nafasi ya chuo.

Kuna watu wanapita viwanjani wakijiita mawakala. Mmoja aliwahi kuchukua hela za familia ninayoifahamu kwa ahadi ya shule na ufadhili wa masomo, na hakuna shule iliyowahi kuwaandikia. Tangu hapo nina swali moja kwa kila anayekuja: kocha wa chuo hicho ni nani, na nizungumze naye lini kwa video? Ufadhili wa kweli huja na barua ya chuo chenyewe. Kocha wa kweli atataka kuona mechi nzima ya kijana, ikiwemo aliyocheza vibaya, na ataulizia matokeo ya darasani. Anayekuambia ulipe leo maana nafasi inafungwa kesho, msindikize hadi getini.

Mkianza kazi niliyowapa, kaeni wawili, mzazi na kijana. Anzeni na Pittsburgh, ile ya Hartford, na msitazame mpira. Mfuateni Thabeet peke yake kwa kipindi chote cha kwanza cha dakika 20, hata mpira ukiwa upande mwingine wa uwanja, na kijana aandike kila mara anapochelewa kurudi, kila mara anapomkinga mtu vizuri, kila mara anaposogezwa. Kipindi cha pili amfuate Blair kwa namna hiyo hiyo. Karatasi hiyo aje nayo mazoezini Jumamosi.