Maswali ya wavuvi: Trauti hataki chubwi

SWALI: Asalaam aleikum ami. Mimi kijana wa Shela, nimekulia kwenye mshipi, changu na tewa nawajua vizuri, sasa nimepata kazi Nyeri na wenzangu wikendi wananipeleka vijito vya Aberdare kuvua trauti, samaki wa mito ya baridi, kwa flai, yaani ndoana iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu. Nikirusha kile kinyoya kinaanguka hapo hapo miguuni, na samaki namuona kabisa ndani ya maji, mara hayupo. Nifunge chubwi ndogo ya risasi iongeze uzito ama?

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Chubwi iache Shela. Sisi tumezoea kurusha chubwi mshipi ufuate nyuma, huko ni kinyume, flai haina uzito wa maana, unachorusha ni ule mshipi wenyewe mnene, ukiutupa kwa nguvu za bega hauendi popote. Peleka rodi nyuma, ngoja mshipi unyooke wote, ndio ulete mbele halafu simamisha mkono ghafla. Wengi hapo kwa kungoja ndio hawawezi. Kijito chenye miti juu wala hakitaki umbali, mita tano sita zatosha, rodi ya futi saba na mshipi namba 3 au 4 basi (namba ni uzito wa mshipi).

Lakini mimi naona shida yako kubwa ni vile unavyomkaribia. Trauti anaelekeza kichwa kule maji yanakotoka, anasubiri chakula kiletwe, sasa wewe ukishuka kutoka juu ashakuona zamani. Njoo kutoka chini, nyuma yake, polepole, piga magoti ikibidi, usivae nguo nyeupe (kanzu baada ya kuvua haha) na kivuli chako wala cha rodi kisimpitie. Angalia nyuma ya mawe na pale povu linapopita, manake povu na wadudu huletwa na mkondo mmoja. Tupia flai mbele yake kidogo, upande maji yanakotoka, iteremke kwa mwendo wa maji, mshipi ukiivuta inaacha mfuo kama wa boti na yeye ashajua huyo mdudu wa uongo.

Huyo samaki ni mgeni Kenya, mlowezi Mwingereza Grogan ndio alimleta kutoka Scotland mwaka 1905 akamtia mto Gura. Na maji ya Gura yanaingia Sagana, yanakuwa Tana, yanakuja kumwagika Kipini hapa jirani yetu, ila trauti mwenyewe hashuki, maji yakizidi nyuzi 20 hivi hewa inapungua na yeye anahangaika. Leseni chukua, minyoo usibebe, na ndani ya hifadhi usiingie kichakani bila askari, nyati hawana mchezo.

SWALI: Ami, niko Malindi, nimepata seti ya flai ya mtumba, namba 4. Mto Sabaki kuna trauti?

JIBU: Hakuna kaka, Sabaki ni maji ya moto na tope jekundu. Jaribu baharini, kolekole wadogo wanapiga flai vizuri asubuhi maji yakijaa, lakini namba 4 ni nyepesi, kusi ikivuma itakurudishia ndoana usoni, tafuta namba 8 au 9 na uvae miwani. Ukirudi nyumbani osha rili kwa maji matamu siku hiyo hiyo, chumvi ikishaingia ndani ndio basi tena.