Picha zako za AI (akili mnemba) zimepigwa chini? Soma yaliyonikuta

Juzi usiku dada mmoja kaniandikia: "Kaka, nimetuma picha 40 za AI zikauzwe, zote zimepigwa chini. Bando limekwisha na moyo umekwisha." Ujumbe ule niliurudia mara tatu. Mwaka jana nilikuwa hapo hapo alipo yeye.

Nilianza kwa sababu ukitafuta jiko la Kiafrika kwenye masoko ya picha mtandaoni unaletewa jiko ambalo huku kwetu Mwanza hulioni. Nikatengeneza mama ntilie anasukuma chapati, kajifunga kanga, jua la asubuhi linaingia mlangoni. Ile picha niliipenda kama mtoto wangu. Nikatoa nyingine 30 zinazofanana nayo, nikatuma zote kwa mkupuo kwenye soko moja kubwa. Zikarudi zote. Sababu: ubora. Niliumia sana, na nililaumu watu. Nilisema hawataki kutuona sisi.

Mke wangu ndiye aliyeikuza ile picha ya kwanza kwenye kompyuta. Akauliza, "Hii kanga imeandikwa nini?" Nikasogea. Pale panapokaa jina la kanga, juu kidogo ya pindo la chini, palikuwa na mikwaruzo inayojifanya herufi. Mashine haijui kwamba kanga inasema. Inajua tu kwamba mahali pale huwa pana kitu cheusi. Mkono ulioshika mti wa kusukumia ulikuwa na vidole sita. Sikio la sufuria limeyeyukia ukutani. Mimi ninayejisifu kuijua kanga, sikuona hata kimoja.

Kuhusu pa kutuma sina mengi. Getty Images walizifungia mlango picha za AI mwaka 2022, na Shutterstock hawazipokei kutoka kwa wachangiaji kama sisi, kwa hiyo usimalize bando lako huko. Adobe Stock wanapokea, ila lazima utie tiki kwamba picha imetengenezwa na AI, na iwe na megapikseli 4 (nukta za picha, yaani pikseli, milioni 4) au zaidi. Mraba wa pikseli 1024 kwa 1024 ni kama megapikseli 1 tu, hivyo utalazimika kuuongeza ukubwa, na ukiuongeza, makosa nayo yanakua. Jina la mchoraji maarufu usiliweke popote, si kwenye maelekezo unayoipa mashine wala kwenye kichwa cha picha.

Kubwa ni hili: itazame picha yako. Ikuze mpaka asilimia 100, anza kona ya juu kushoto, shuka taratibu. Vidole, masikio, meno, maandishi. Halafu itazame tena kesho yake. Ndugu zangu, tunataka hela ya haraka, tunatupa picha 30 zilezile kama mtu anayemwaga dagaa juani, kisha tunalia kuonewa. Mkaguzi wa soko hakuonei. Anaona usichotaka kukiona. Chagua moja, ihangaikie.

Mama ntilie wangu nilimrudia kwa siku nne. Nikarekebisha mkono, nikaikata picha juu ya pale penye jina la kanga ili lisionekane kabisa, nikamtuma peke yake. Akapita. Mpaka leo amenunuliwa mara tano, na kila akinunuliwa namwita mke wangu aje aone.

Dada, nitumie ile moja unayoipenda kuliko zote. Tutaanza na vidole.