Modeli ya karakana ya treni kwa kipimo cha 1:50: shimo kwanza, mabati baadaye

Reli ya zamani inayotoka Tabora kwenda Kigoma na Mwanza ina upana wa milimita 1,000. Ndiyo maana kipimo cha 1:50 kinafaa: mita moja inakuwa milimita 20, hesabu zote unapiga kichwani. Usichanganye na SGR, reli mpya ya kisasa. Ile ni milimita 1,435, na kwa kipimo hichohicho ingetaka karibu 29.

Karakana ya mita 24 kwa 10 inakuwa sentimita 48 kwa 20, inatosha juu ya meza ya kawaida. Wengi huanza na kuta, kisha shimo la kukagulia injini linakatwa mwishoni wakati msumeno hauna pa kupita, na reli zinapinda. Gundisha plaiwudi ya mm 6 juu ya stairofomu ya mm 30, kwa gundi nyeupe ya mbao tu, maana gundi zenye petroli huyeyusha stairofomu. Kisha kata shimo: urefu mm 240, upana 16, kina 22. Upana huo unaacha ukingo wa mm 2 kila upande, na reli zinakaa juu ya kingo.

Tumia reli ya modeli yenye kimo cha kama mm 2. Chonga kipande cha mninga chenye upana wa mm 20 kamili, ukisogeze katikati ya reli kila unapogundisha. Mbao laini italika na vipimo vitakuhama. Sehemu isiyo na shimo, sakafu ya kadi ifike usawa wa kichwa cha reli, lakini upande wa ndani wa kila reli acha mfereji wa mm 2 ili kingo za magurudumu zipite. Kingo za magurudumu ya modeli huwa nene kuliko za kweli. Mfereji ukiwa mwembamba, gurudumu litapanda na kutoka.

Mlango uwe mm 80 kwa 95, na njia inyooke walau urefu wa injini moja kabla ya kuingia. Kona ikianzia mlangoni, pua ya injini itagonga fremu.

Kenchi ni 7, moja kila mm 80, kwa vijiti vya mishikaki. Chora moja kwenye ubao, pigilia vimisumari pembeni mwa mstari, zote ziunganishwe humo.

Sasa mabati, kazi yenye utamu wake. Wimbi la bati la kawaida ni kama mm 76, yaani mm 1.5 kwenye modeli, na hesi ya bolti ya kawaida ya M10 (unene mm 10) ina hatua hiyohiyo, yaani umbali kutoka jino hadi jino. Chukua foili nene ya vyombo vya kubebea chakula (ya jikoni huchanika, kopo la soda ni gumu mno), ilaze juu ya soli ya kandambili, kisha viringisha bolti ukikandamiza. Pitisha mara moja tu. Ukirudisha, bolti huteleza na mistari inakuwa miwili. Mawimbi yatalala upande kwa kama digrii 3, kwa kuwa hesi yenyewe ni ya mzunguko. Kwa hiyo kata kwa kufuata wimbi, si ukingo wa foili.

Kila bati liwe na mawimbi 11, urefu mm 60. Anza chini kwenda juu, bati lipande jirani yake kwa wimbi moja, na safu ya juu ifunike ya chini kwa mm 6. Paa zima linakula mabati kama 140. Yafute kwa siki na yapige praima kabla ya rangi, la sivyo rangi itabanduka kama ganda la kitunguu. Kutu iwekwe kwenye maungio na matundu ya misumari. Bati lenye kutu sawasawa kila mahali linaonekana la uongo.

Kuta za kadi zipakwe rangi pande zote mbili, maana ukipaka upande mmoja mvua za Novemba zitazikunja. Pipa la mafuta ni kijiti cha mm 12 kilichokatwa mm 18, na pete mbili za uzi. Paa lisigundishwe kwenye kuta. Liwe la kunyanyua, vinginevyo jeki, jiriwa na mashine ya kukereza magurudumu hazitaonekana tena.