Kiti cha magurudumu, ngazi na mazuku: majibu kwa wasomaji wa Goma

Ninafanya kazi ghorofa ya tatu, natumia kiti cha magurudumu. Bosi anasema moto ukiwaka nisubiri kuokolewa. Nisubiri wapi?

Usisubiri mezani pako. Nenda penye ngazi, au chumba cha jirani na ngazi chenye mlango unaofungika na dirisha la upande wa barabara. Kiti kimoja kinahitaji kama sentimeta 90 kwa 140, bila kuwazibia njia wanaoshuka. Funga mlango, ziba upenyo wa chini kwa kitambaa kilicholowa, kisha piga simu useme uko ghorofa gani, upande gani. Lifti usiiguse, umeme wetu hukatika hata siku isiyo na moto. Na "subiri" pasipo jina la anayekuja si mpango. Andikeni majina manne ya watu wa ghorofa yako, wawili wa kubeba na wawili wa akiba, maana kuna siku mmoja anaumwa na mwingine yuko Gisenyi, ng'ambo ya mpaka.

Vijana wawili walinishusha na kiti changu, kikanyagio kikang'oka mkononi mwa mmoja wao. Walikosea wapi?

Walishika kinachochomoka. Vikanyagio na vya kuegemezea mikono mara nyingi vimeundwa vitoke, hushikwa fremu. Mwenye nguvu zaidi akae nyuma yako, juu, ashike vishikio baada ya kuvivuta kwanza aone kama mipira yake haitelezi. Wa pili awe chini, anakutazama, ameshika fremu mbele. Wewe uso wako uelekee chini, mkanda umefungwa, kiti kimelazwa nyuma mpaka uzito utulie kwenye magurudumu makubwa. Breki ziwe wazi, magurudumu yateremke kidato kimoja kimoja. Anayehesabu ni wa nyuma peke yake. Wakihesabu wote wawili, mmoja huvuta wakati mwenzake anaachia. Pumzikeni kila ngazi zinapogeuka.

Kiti cha betri kiacheni juu. Vingine huzidi kilo 100. Abebwe mtu mwenyewe, naye ndiye aseme ashikwe vipi, kwani bega au nyonga yake anaijua yeye. Hilo aulizwe siku ya mazoezi.

Ardhi ikitetemeka?

Funga breki, inama, funika kichwa na shingo kwa mikono. Wa magongo aketi kwanza. Ngazi zingojee mtikisiko ukome, na tegemeeni mwingine: baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, Goma ilitikiswa siku kadhaa.

Mahali petu pa kukutania ni shimoni nyuma ya jengo, penye mawe ya lava. Panafaa?

Hapana, kwa sababu mbili. Mazuku ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini penye volkano. Ni nzito kuliko hewa, hujikusanya mabondeni. Aliyekaa kwenye kiti pua yake iko mita moja na kidogo tu kutoka ardhini. Kwenye moshi wa moto kuwa chini humsaidia. Kwenye mazuku humtangulizia hatari, kama inavyowatangulia watoto na mbuzi. Chagueni mahali pa juu, kando ya barabara.

Pili, magurudumu madogo ya mbele hukwama kwenye mawe na kumtupa mtu. Mgeuzeni, mvuteni kinyumenyume ili makubwa yatangulie. Jaribuni njia hiyo siku ya mvua.