Mpira uliorushwa juu: futa hiyo 105 kabla hujaikusanya

Mkuu, futa hiyo 105. Mpira umerushwa juu kwa mita 20 kwa sekunde, umepewa sekunde 3, nawe unatuambia uhamisho (umbali kutoka ulipoanzia, pamoja na upande ulioelekea) ni mita 105? Hata dunia isingeuvuta kabisa, ungeishia 60. Huo wako una injini.

Kanuni uliyoandika, s = ut + ½at², haina tatizo: s ni uhamisho, u kasi ya mwanzo, t muda, a mchapuko, yaani kasi inavyobadilika kila sekunde. Tatizo ni hiyo a uliyoijaza 10 wakati mpira unapanda na mvutano unaelekea chini. Najua ulikoitoa, maana na mimi nililishwa huko huko. Mwalimu wa tuisheni, kuhusu g, mchapuko unaoletwa na mvutano wa dunia: "g ni 10, jaza 10, alama zitajipanga zenyewe." Zilijipanga kweli, foleni nzima ya kunifelisha.

Swali langu la mtihani: jiwe linarushwa juu kwa kasi hiyo hiyo ya 20 kutoka ukingo wa genge la mita 25, litafika chini ya genge baada ya muda gani? Nikakumbuka kuweka -10, nikajiona bingwa, lakini 25 nikaiacha chanya. Kutafuta t, ikaja kipeuo cha pili cha -4. Kikokotoo kikakataa, nikakipiga makofi, maskini, hakikuwa na kosa. Nikarudi kwenye dini ya mwalimu: vyote chanya. Ikatoka t = 1. Sekunde moja kamili, namba safi, nikaipigia mistari miwili! Kumbe kwenye sekunde 1 jiwe bado linapanda, liko mita 15 juu ya ukingo. Jibu lilikuwa 5. Na vipengele vitatu vilivyofuata vyote vilitegemea ile 1 yangu.

Siku hizi sigusi kanuni kabla sijachora mshale pembeni ya karatasi: juu ni chanya. Kisha kila namba naiuliza inaelekea wapi. Kasi ya mwanzo, +20. Mchapuko, -10. Chini ya genge, -25. Ukitaka chini ndiyo iwe chanya, ruksa, ila geuza zote tatu, usiionee huruma hata moja.

Yako sasa: 20 × 3 ni 60, toa 5 × 9 (nusu ya 10, mara 3 × 3), inabaki 15. Mpira ulipanda mita 20, ukarudi 5. Umbali uliosafiri ndio 25, lakini hukuulizwa huo. Mshale kwanza, mkuu.