Kongowea tatu kwenye laptopu yangu

Kongowea, steji ya matatu hapa Mombasa, ni moja, ila kwenye laptopu yangu zilikuwa tatu. Nilikuwa naunda programu ya kumwelekeza mgeni aunganishe vipi matatu kutoka Mtwapa hadi Ukunda, na kila nikiiuliza njia, yaniambia hakuna. Njia ambayo hata mtoto wa Kisauni aijua!

Natumia Neo4j, toleo la bure; ni hifadhidata inayohifadhi vitu kama nodi (nukta) na uhusiano (mistari inayoziunganisha). Kila steji nilikuwa nikiiingiza kwa CREATE, amri inayotengeneza nodi mpya bila kutazama kama ipo tayari, basi matatu moja ikaishia Kongowea hii, nyingine ikaanzia Kongowea ile, na njia ikakatika. Nikahamia MERGE, ambayo hutafuta kwanza, nikaungua tena: niliiwekea jina pamoja na tarehe, na tarehe ikitofautiana tu, inazaliwa Kongowea nyingine. Weka jina peke yake ndani ya MERGE, mengine yafuate kwa SET, amri ya kujaza maelezo ya nodi. Na kabla ya yote, iambie hifadhidata kwamba jina la steji halirudiwi.

Lakini kosa langu kubwa lilitangulia hayo. Nilizoea majedwali, basi kila jedwali nikaligeuza nodi, hata nauli. Rafiki yangu mmoja, tukinywa kahawa, akaniuliza: "Kwani abiria atauliza nini?" Sikuwa na jibu. Nikachukua karatasi nikaandika swali lenyewe: nikitoka Mtwapa nishuke wapi, nipande ipi mpaka feri, nikivuka Likoni nipande ipi tena? Hapo steji zikawa nodi, safari ikawa uhusiano, nauli ikakaa juu ya uhusiano. Kivuko cha feri nikakipa uhusiano wake peke yake, maana mwenda kwa miguu halipi. Andika maswali matano ya namna hiyo kabla hujagusa kibodi.

Ukitafuta njia ndefu, weka kikomo, mfano hatua 1 hadi 5. Mimi sikuweka, laptopu ikavuma mpaka nikaizima.

Usidhani utajifunga kwa kampuni moja: mwaka 2024 ISO, shirika la viwango la kimataifa, ilitoa GQL, lugha sanifu ya kuuliza hifadhidata za aina hii, iliyochota mengi kutoka Cypher, lugha ya Neo4j yenye amri hizo za CREATE na MERGE. Ila kama unachojenga ni daftari la mauzo ya duka, wallahi baki na majedwali.

Kwangu limebaki la nauli. Mvua ikinyesha makanga hupandisha bei, na hiyo bado sijaipatia pa kuiweka.